Janine Hocking Ameshapiga Kura

Sehemu ya Tisa

Alhamisi iliyopita nilikuacha, msomaji wangu, jikoni kwa Bi Beryl Hocking, namba saba Barabara ya Pellew. Chai yangu ilikuwa imepoa na mimi nimeduwaa kama mtu aliyepigwa kofi. Mezani kulikuwa na barua mbili za tume ya uchaguzi. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya binti yake, Janine.

"Nyumba hii ina wapiga kura wawili," ndivyo alivyoniambia.

Na Janine amepotea miaka ishirini.

"Bi Beryl," nikasema, "huyo Janine anapigaje kura?"

"Kwa penseli," akajibu. "Kama watu wote."

Nikamtazama vizuri. Hakuwa anatania. Mama wa miaka sabini na nne, nyonga mbovu, nywele kazitengeneza tangu alfajiri. Huyu ndiye aliyewauzia watoto wa mtaa mzima pai za nyama kwenye kantini ya shule.

"Nampigia mimi," akasema. "Bunge la Victoria nimempigia mara tano. Leo itakuwa ya sita."

Kama umetukuta njiani, mimi naitwa Marlene Grech, mwandishi wa gazeti la mtaa. Mhariri alinituma niandike wasifu wa jimbo letu la Kellaway kabla ya uchaguzi wa bunge la Victoria: nani anaishi wapi, anampa nani kura, na kwa nini mara iliyopita mbunge alipita kwa kura kumi na tisa tu. Nikajipangia milango ishirini ya kubisha. Mlango wa ishirini ulikuwa huu.

"Unajua hilo ni kosa la kukupeleka mahakamani?"

"Kusoma najua, Marlene."

"Sasa kwa nini?"

Akavuta kiti, akakaa, akaanza kukusanya makombo ya biskuti kwa ncha ya kidole.

"Aliondoka Jumanne. Uchaguzi ulikuwa Jumamosi. Nikasema huyu atarudi Jumatatu, atakuta faini kwa kutopiga kura, na unajua Janine na barua za serikali, anaweza kununa wiki nzima. Basi nikapiga yangu kwenye ukumbi wa kanisa, nikatembea mpaka shuleni, nikapiga yake. Karani akaniuliza jina, nikasema Janine Hocking. Akaweka rula, akachora mstari. Hata uso hakuinua."

Nakwambia ukweli, inawezekana. Hapa kwetu kupiga kura ni lazima kisheria, lakini hakuna anayekudai kitambulisho. Unataja jina, unataja anwani, unaulizwa kama umeshapiga, unasema hapana, unapewa karatasi. Nimeishi na utaratibu huo tangu nilipotimiza miaka kumi na minane, wala sikuwahi kuwaza kwamba mama anaweza kupita humo na mwanawe mgongoni.

"Na Jumatatu hakurudi," nikasema.

"Hakurudi. Ikaja miaka minne, barua ikaja tena na jina lake. Benki walishamfuta. Daktari wa meno alishamfuta. Serikali nzima, ni tume tu waliobaki wanamwandikia. Nisipompigia, wataandika kuuliza mbona hakupiga. Nisipojibu, wataandika tena. Halafu na wao watamfuta. Sasa mimi nitabaki na nini?"

"Na kura yake unampa nani?"

Akanikazia macho kama nimemtukana.

"Anayemtaka yeye! Wale wa kijani, wa miti na vyura. Mimi siwapendi hata kuwasikia. Mimi ni wa chama cha mashati mekundu tangu niolewe. Lakini kura ni yake."

"Kwa hiyo ninyi wawili mnafutana."

"Hata alipokuwa humu ndani tulikuwa hivyohivyo," akasema, na akacheka. Kicheko kilimtoka vizuri, kikafika katikati, kikakatika.

Ningecheka naye. Lakini kuna neno lilikuwa limenirudia, na huku upepo wa moto wa kaskazini unavuma nje nikaliandika kwenye daftari.

Jumamosi. Alisema alimpigia kura Jumamosi.

Miaka ishirini iliyopita nilikuwa kijana gazetini. Janine alipopotea niliandika habari yake, aya nne, zikatupwa ukurasa wa kumi na moja. Kurasa za mbele zilikuwa zimejaa. Unajua zilijaa nini? Wasifu wa jimbo la Kellaway. Niliuandika mimi huyuhuyu, na nilijivunia.

Wiki tatu baadaye nikamfuata sajini aliyekuwa na faili la Janine. Akafunga mlango, akaniambia kwa siri, "Achana na hiyo habari, Marlene. Nimeuliza tume ya uchaguzi. Binti alipiga kura Jumamosi, palepale shuleni. Mtu aliyepotea hapangi foleni. Amewakimbia wazazi wake, ni mtu mzima, ana haki yake."

Faili likafungwa. Na mimi nikafunga daftari langu.

Umeona, msomaji? Aliyepanga foleni alikuwa mama yake.

Simu yangu ikalia. Mhariri wangu, Lindsay Pascoe, mtu asiyejua salamu.

"Wasifu uko wapi?"

"Unakuja."

"Unakuja kwa miguu? Kurasa zinafungwa saa kumi. Una nini mpaka sasa?"

"Nina takwimu."

"Takwimu atasoma nani? Nitafutie mtu, Marlene. Mtu mmoja mwenye uso, anibebee jimbo zima."

Nikamtazama Bi Beryl. Alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo cha mlangoni, anajifunga skafu kichwani, barua ya Janine kaibana kwapani.

"Sina mtu," nikamwambia mhariri, nikakata.

"Umekuja na gari?" Bi Beryl akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Basi nipeleke Eastlea, pale madukani, wamefungua kituo cha kupiga kura mapema. Yangu nilishapiga Jumatatu, kituo cha hapa Stesheni, penye reli. Leo zamu yake. Stesheni wananijua, Eastlea hawanijui. Basi la kwenda huko linanimaliza nyonga."

Jamani. Nilipaswa kukataa. Nilipaswa kumwambia akae, nimwekee chai nyingine, nimweleze polepole. Badala yake nikachukua funguo, kwa sababu nilishindwa kuyasema yale maneno mbele ya kiti cha Janine. Ndiyo, kiti kilikuwepo. Hakuna aliyekikalia muda wote niliokuwa mle ndani, na hakuna aliyenikataza kukikalia.

Tukaondoka.

Ukitaka kulijua Kellaway, shuka Barabara ya Pellew mpaka reli. Juu mlimani, penye magari mawili mawili na nyasi zilizokatwa, ni mashati ya bluu. Ng'ambo ya reli, penye viwanda vya zamani na nyumba za mbao, ni mashati mekundu. Katikati zilikuwa bustani za matufaha. Sasa ni nyumba mpya zimebanana, na watu wake hakuna anayewajua. Ndio wanaoamua. Nilishaandika hayo asubuhi na niliona nimeandika vizuri sana.

Kila uzio ulikuwa na bango la mgombea. Meno, tai, meno. Nyuso zilitusindikiza njia nzima, na Bi Beryl alizitazama moja moja kama mtu anayetafuta uso mwingine.

Tulipofika kwenye duka la maziwa la kona akanyoosha kidole.

"Hapa nilibandika picha yake. Kesho yake nikakuta wamembandika mgombea juu. Nikambandua mgombea, akatoka na Janine. Nilibaki nimeshika mdomo tu, kipande cha mdomo wake."

Nikawasha taa ya pembeni nikaegesha. Sikuweza tena.

"Bi Beryl, kuna jambo nimekaa nalo miaka ishirini."

"Enhe."

"Polisi walikwambia nini walipoacha kumtafuta?"

"Kwamba ni mtu mzima, kaondoka kwa hiari yake. Niliwauliza mmejuaje? Hawakunijibu. Walisema wana sababu zao."

"Sababu mimi naijua. Sajini aliniambia. Waliuliza tume. Daftari la wapiga kura likaonyesha Janine alipiga kura Jumamosi ile. Kwa hiyo wakasema yu hai, yupo karibu, na hataki kuonekana."

Upepo ulilitikisa gari, bango la mtu mmoja likachomoka kwenye uzio likaanguka barabarani.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana, Bi Beryl, hukujua…"

"Ni mimi, Marlene. Nilitaka asipate faini, nikamkosesha watu wa kumtafuta."

Nikamshika mkono, akauondoa. Kisha akanigeukia, na uso ule sikuwahi kuuona kwake hata siku moja.

"Na wewe ulijua? Miaka yote hii ulijua kwamba daftari lina kura yake?"

"Nilijua. Niliogopa kukwambia. Nilidhani utaumia kusikia mwanao alikuwa hatua chache kutoka nyumbani, akapanga foleni, akapiga kura, asije hata kukusalimu."

"Mjinga wewe!" Alipiga dashibodi kwa kiganja. "Mjinga! Ungeniambia siku ile, ningekwambia palepale: kura ni yangu! Ni mimi! Wangemtafuta! Alikuwa ameondoka siku ishirini tu, wangemtafuta!"

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha neno moja, tena kwa kumhurumia, nikajiona mwema. Nililia pale kwenye usukani, na sioni haya kulisema gazetini. Yeye hakulia. Alitazama mbele, kwenye kona ya duka la maziwa.

"Washa gari," akasema.

"Nikurudishe nyumbani?"

"Nimesema washa gari. Foleni haitungoji."

Kituo cha Eastlea kiliwekwa kwenye duka la mazulia lililofungwa. Harufu ya sufu na gundi bado ilikuwepo. Nje foleni ilizunguka maegesho, na wapambe wa vyama walikuwa wanagawa karatasi zao kama watu wanaouza karanga.

"Mama, chukua hii! Mpe mgombea wetu Trevor namba moja!" shati jekundu akapiga kelele.

"Usimsikilize, mama! Trevor hata shimo la mlangoni kwake limemshinda!" shati la bluu akadakia.

"Shimo hilo mlilichimba nyie!"

"Nyamazeni wote wawili," Bi Beryl akasema. "Miaka minne hatuwaoni, leo kila mtu ni mama yenu."

Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye kofia akapiga makofi. Binti wa kijani, kapaka mafuta ya jua puani, akamnyooshea karatasi yake kwa woga, na Bi Beryl akaipokea, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi. Mikono yake ilikuwa imetulia.

"Turudi," nikamnong'oneza. "Hakuna anayejua. Naapa sitaandika hata herufi moja."

"Wewe si mwandishi?"

"Si leo."

"Hata mwaka ule hukuwa," akasema, akasogea hatua moja na foleni.

Nilistahili.

Tukaingia ndani. Miaka ya nyuma karani alikuwa na daftari la karatasi, rula na penseli. Safari hii kila meza ilikuwa na kompyuta ndogo, zote zimeunganishwa, anachoandika wa Eastlea anakiona wa Stesheni papo hapo. Hilo Bi Beryl hakulijua. Mimi nililijua, nilishaliandika kwenye wasifu wangu, aya ya sita.

Lakini nikajipa moyo. Janine hajapiga. Jina lake ni jeupe. Bi Beryl atapewa karatasi, ataandika, tutatoka.

"Karibu mama," karani akasema. Kijana mpole, kidevu kimejaa chunusi. "Jina kamili?"

"Janine Hocking."

"Anwani?"

"Namba saba, Barabara ya Pellew."

"Umeshapiga kura katika uchaguzi huu?"

"Hapana."

Karani akabofya. Akasimama. Akabofya tena, akasogeza uso karibu na kioo.

"Samahani mama. Hapa inaonyesha umeshapiga."

Nikasogea mpaka mezani.

"Umechanganya," nikadakia. "Utakuwa umemsoma Beryl. Beryl Hocking, anwani hiyohiyo. Huyo alipiga Jumatatu."

"Hapana, Beryl yuko hapa juu yake, namwona, Jumatatu, kweli. Huyu ni Janine." Akageuza kioo kidogo, kama vile kuona kwetu kungesaidia. "Janine Hocking ameshapiga kura. Leo. Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kituo cha Stesheni."

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasorobo.

Bi Beryl akashika ukingo wa meza. Nilidhani anaanguka, nikamkamata kiuno. Hakuwa anaanguka. Alikuwa anainama kusoma.

"Leo?" akasema. "Leo hii?"

"Leo hii, mama."

Nyuma yetu mtu akaguna kwamba foleni haiendi. Karani akainua mkono kumwita msimamizi wa kituo. Akaja mwanamume mnene, miwani kifuani, beji imeandikwa Desmond Fitch, na sauti ya mtu aliyezoea kutuliza wateja.

"Usiwe na wasiwasi, mama, hutokea. Mara nyingi karani amebofya mstari usio wake. Kuna fomu." Akaitandaza mezani, akaweka kalamu juu. "Unatia sahihi hapa kwamba wewe ndiye Janine Hocking na kwamba hujapiga kura. Tunakupa karatasi yako, inaingia kwenye bahasha ya peke yake. Baadaye tume itachunguza nani alitumia jina lako."

"Watamtafuta?"

"Huyo aliyetumia jina? Watamtafuta, ndiyo. Ni sheria."

"Na polisi?"

"Wakiona ni makusudi, polisi pia."

Nikamwinamia sikioni. "Usitie sahihi. Bi Beryl, nisikilize. Ukitia sahihi umejifunga mwenyewe. Sema umesahau, sema ulipiga asubuhi, tuondoke. Twende Stesheni sasa hivi tukaulize."

"Aulize nani? Wewe uliyekaa kimya miaka ishirini?"

Akachukua kalamu. Nilimwona akisoma fomu, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Alipofika kwenye nafasi ya sahihi akatulia. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu mpaka ikaacha doa la wino.

Kisha akaiweka chini.

"Fomu hii siwezi," akasema. "Mimi si Janine."

Bwana Fitch akavaa miwani. "Samahani?"

"Mimi ni Beryl Hocking. Mama yake. Miaka ishirini napiga kura kwa jina lake." Hakupaza sauti, lakini duka la mazulia halina mwangwi wala kelele, kila mtu alimsikia. "Waite polisi."

Mzee wa kofia akaivua.

"Mama," Bwana Fitch akasema polepole, "unajua unachosema? Hapa mbele ya watu?"

"Najua. Na waandike vizuri, wasikosee. Zile mara tano zote, na zile za uchaguzi wa taifa zote, ni mkono wangu. Janine hakupiga hata moja. Tangu Jumanne ile hakuna aliyemwona, si shuleni, si popote, na polisi waliambiwa uongo, na uongo ulikuwa wangu. Nataka faili lake lifunguliwe leo. Wakitaka kunifunga wanifunge, lakini wamtafute."

Akavuta pumzi.

"Ila ya leo asubuhi si yangu. Hiyo nataka kujua ni ya nani."

Msomaji, nimekaa na wabunge, nimekaa na majaji. Sijaona mtu aliyesimama wima kama yule mama mwenye nyonga mbovu kwenye duka la mazulia. Nilimwonea fahari, na nilijionea aibu wakati huohuo.

Bwana Fitch hakuita polisi, si wakati ule. Alitazama foleni, akamtazama Bi Beryl, akatoa simu akapiga Stesheni. Akaiweka mezani, sauti wazi.

"Joyleen? Desmond wa Eastlea. Nina jina hapa, limepigwa kwako saa tatu na dakika kumi. Hocking, Janine. Unaweza kuniangalizia nani alimhudumia?"

"Sina haja ya kuangalia," mwanamke akajibu upande wa pili, mchangamfu. "Nilimhudumia mwenyewe. Namkumbuka kwa sababu hajaondoka."

"Hajaondoka?"

"Yupo benchini hapo nje tangu asubuhi. Nilimpelekea maji, jua kali. Aliniuliza kama mama mmoja anaitwa Beryl huwa anapigia kura hapa. Nikamwambia siruhusiwi kusema. Akasema basi atangoja. Kuna tatizo?"

Bwana Fitch akafungua mdomo. Bi Beryl akainyakua simu mezani kabla hajasema neno.

"Mpelekee simu," akasema. "Tafadhali, dada. Mpelekee simu yako."

Tukasikia hatua. Mlango ukafunguliwa, upepo ukavuma kwenye simu, treni ikapita ikapiga honi. Joyleen akasema kitu kwa mtu, mbali kidogo. Simu ikabadilisha mikono.

"Halo?"

Bi Beryl akafumba macho. Midomo ikafunguka, haikutoa kitu. Akajaribu tena. Yaliyomtoka hatimaye yalikuwa maneno ya karani, labda kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu.

"Jina kamili?"

Kisha sauti ikajibu, taratibu, kama mtu aliyejizoeza.

"Janine Hocking. Namba saba, Barabara ya Pellew."

Bi Beryl akanikamata mkono, kucha zikaingia kwenye nyama.

"Ni yeye," akasema. Machozi sasa yalikuwa yanashuka bila kizuizi. "Marlene, ni yeye! Ni sauti yake ileile, haijabadilika hata kidogo!"

Nami niliisikia vizuri. Janine Hocking leo ana miaka arobaini na moja. Sauti iliyotoka kwenye simu ile ilikuwa ya msichana ambaye hajafika ishirini.